Kilobaiti Tisa za Kengele

Nifute, au niguse? Kwa wiki tatu nzima swali hilo lilininyima usingizi, na mimi si mtu wa kulala vizuri hata nikiwa sina swali. Kufuta kulikuwa salama kwa kila mtu isipokuwa mama mmoja. Kugusa mipangilio ya mashine kungeweza kumwokoa yule mama, au kungeiua mashine na kuwaacha watu wote bila orodha. Nawaandikia ninyi mtakaokuja kukalia kiti kile, kwa sababu kitawaletea swali la namna hiyo siku moja, na nisingependa mpoteze wiki tatu kama mimi.

Naitwa Namsifu, na nimestaafu. Wenzangu hucheka nikisema hivyo, kwa sababu nina miaka ishirini na minane na tangu mwezi uliopita nafundisha sekondari huko tambarare, upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini kazi ya kutunza orodha ya maji nimeistaafu kweli. Nimeifanya misimu mitatu, nimekabidhi funguo, na nimeanza kusema "enzi zetu". Kama huko si kustaafu, sijui ni nini.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Juu ya kijiji chetu cha Vudee kuna ndiva, bwawa letu la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji, na kila kaya inamwagilia kwa zamu. Zamu haigawiwi kwa sura ya mtu. Inagawiwa kwa msaragambo, yaani ile siku tunapotoka wote na majembe kuzoa tope na kuziba kingo. Anayefika anaandikiwa moja, asiyefika anaandikiwa sufuri. Sufuri tatu katika msimu mmoja, kaya inashushwa mkiani, na mkiani maji hufika yakiwa yamebaki ya kunawia miguu.

Namba hizo zinakaa ndani ya kompyuta ya zamani ya kamati, iliyoko katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa kanisa. Ni mashine ya DOS. Haina picha, haina mtandao. Ukiiwasha unaona kioo cheusi na herufi nyeupe zinazosubiri uzungumze kwanza. Siku yangu ya kwanza nilikuja na shahada yangu ya TEHAMA kwenye bahasha, nikakaa mbele yake dakika ishirini nikitafuta pa kubonyeza.

"Mbona huianzi?" aliniuliza mwenyekiti wetu, Mzee Kajiru, akiwa amesimama mlangoni.

"Naisoma kwanza, mzee."

"Haina kitu cha kusoma. Andika MAJI, bonyeza Enter."

Niliandika MAJI, orodha ikafunguka. Sikumwambia kwamba miaka mitatu ya chuo haikunifundisha hilo.

Programu ile ya MAJI iliandikwa na Mwalimu Elinami, aliyefundisha hisabati hapa kijijini mpaka alipostaafu. Aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, wakati ambapo wengi wetu hatujazaliwa. Sasa macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, lakini nyumba yake imepakana na kile chumba na masikio yake ni mazima. Ninaposema nilikuwa na mwalimu wa kazi, namaanisha yeye, ingawa alinifundisha zaidi akiwa anakata majani ya ng'ombe, huku mgongo wake ukiwa umenielekea.

Alikuwa ameweka vitu viwili vya kipekee katika mashine ile. Cha kwanza ni kufuli. Orodha inahifadhiwa kwa herufi zilizovurugwa, isisomeke popote isipokuwa ndani ya programu yenyewe. "Watu wa hapa nawajua," alisema. "Kwa habari ya maji, hata shemasi atajaribu." Cha pili ni kengele. Kila saa kamili, kompyuta hulia mlio mfupi wa kupanda na kushuka, kama kengele ya shule kubadilisha vipindi. Aliiweka zamani ili mtunza orodha asipitwe na saa ya kufungua maji. Macho yalipomwishia, kengele ile ikawa saa yake. Anaisikia kupitia ukuta, anajua ni saa nne, anajua ng'ombe anadai maji.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na la kuwaambia.

Kwenye orodha, mbele ya kila moja na kila sufuri, Mwalimu aliacha safu ya maelezo. Yeye alikuwa akiandika neno moja pale: "mgonjwa", "msiba", "safari". Mimi nikaja. Mimi ni mtu ambaye akiandika barua ya mistari mitano anaisoma mara tisa. Niliogopa kumdhulumu mtu, kwa hiyo kila sufuri niliipa maelezo, na kila moja yenye utata pia. Nani alimtuma nani. Jembe lilivunjika saa ngapi. Mvua ilinyesha upande gani wa bonde. Wakati mwingine niliandika maoni ya pande mbili, kisha maoni yangu juu ya maoni hayo.

Asubuhi moja, msimu wangu wa pili ukielekea ukingoni, nikaandika MAJI na kubonyeza Enter. Badala ya orodha, kioo kikaniambia:

NAFASI HAITOSHI. PUNGUFU: 112. PUMZIKA.

Nilifikiri ni mzaha. Nikazima, nikawasha. Pungufu 112, pumzika. Nikaenda kwa Mwalimu nikiwa nimeshika daftari kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Programu imeniambia nipumzike."

Akaacha kukata majani. "Hiyo sentensi niliiandika mimi, nikidhani haitakuja kuonekana na binadamu. Umeandika nini humo, mwanangu?"

Nikamweleza habari ya maelezo yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka ng'ombe akageuka.

"Miaka yote nimeandika maneno. Wewe kwa misimu miwili umeandika kitabu."

Hebu niwaeleze alivyonieleza yeye, maana hili mtalihitaji. Mashine ile ina memori ya megabaiti nne, lakini programu za DOS za umri ule zinafanya kazi katika kipande cha kwanza tu, kilobaiti mia sita na arobaini. Fikirini nyumba yenye stoo kubwa uani, lakini jikoni kuna meza moja. Chochote unachotaka kupika lazima kikae mezani. Na meza yenyewe haiko tupu. DOS imekaa hapo na makaratasi yake, kipanya kina kiprogramu chake, kile kitundu cha kusomea CD kina chake, kengele ina yake. Programu ya MAJI inataka kuitandaza orodha yote mezani kwa wakati mmoja. Orodha ilikuwa imenenepa, meza ilikuwa ileile. Ile 112 ilikuwa kilobaiti za meza zilizokosekana.

Kulikuwa na njia rahisi. Mwalimu alitengeneza amri moja iitwayo PUNGUZA. Ukiiandika, inapita ndani ya faili kipande kwa kipande, inafuta maelezo yote, inaacha moja na sufuri peke yake. Ni dakika mbili. Faili linafunguka, orodha inachapwa, watu wanaenda shambani. Mzee Kajiru alipoisikia habari hiyo alifurahi sana.

"Basi punguza! Futa hizo hadithi. Kikao ni Jumamosi ya tatu kuanzia sasa. Orodha isipokuwa mezani siku hiyo, tunapiga kura upya, kila kaya ianze sawa."

Kupiga kura upya maana yake ni kwamba waliozoa tope miaka ishirini wangelingana na waliohamia mwaka jana. Watu wasingekubali, na sisi Wapare tukianza kudai haki kwa maandishi, kazi nyingine zote husimama. Kwa hiyo ilikuwa lazima orodha ifunguke. Na mimi ningeandika PUNGUZA siku ileile, kama si Mama Nakunda.

Mama Nakunda ni mjane anayeishi peke yake chini ya ndiva, ana maharage yake kwenye matuta yaliyoshuka kama ngazi. Nyonga yake iliharibika alipoanguka mferejini, hawezi kushika jembe. Kwetu kuna utaratibu kwa watu kama yeye: anapika makande na kuyapeleka kwenye msaragambo, na anayepika anaandikiwa moja sawa na anayechimba. Tatizo ni kwamba njia ya kwake ni ya kupanda. Mara nne msimu ule sufuria lake lilifika kazi ikiwa imeshakwisha. Kanuni inasema "kabla ya kazi kwisha". Lakini watu walikuwa bado hapo, wakakaa kwenye kingo, wakala, wakalamba mwiko.

Je, huyo ni moja au sufuri?

Mwingine yeyote angeandika moja na kwenda zake. Mimi niliandika sufuri ya muda, na mbele yake maelezo: saa ya kazi kwisha, saa ya sufuria kufika, nani alilibeba, nani walikula, na mwishoni "kikao kiamue". Mara nne. Kwa hiyo kule ndani ya faili lisilofunguka, mama yule alikuwa na sufuri nne zilizoandikwa na mkono wangu, na kilichokuwa kikimtetea kilikuwa yale maelezo tu. PUNGUZA ingeyafuta na kuziacha sufuri.

Alikuja ofisini mwenyewe, akiegemea fimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kompyuta imeshiba."

"Imeshiba, mama."

"Inashibaje na sisi hatujala?" Akakaa kwenye benchi taratibu. "Maharage yangu yameanza kutoa maua. Yakikosa maji sasa hivi, maua yanadondoka, na ua likishadondoka halirudi. Mimi niko wa ngapi?"

Nikamwambia kweli. Kwamba nilimwandikia sufuri, na kwa nini, na kwamba ushahidi wake umefungiwa humo ndani.

Akaiegemeza fimbo ukutani. "Wewe si ulikula yale makande?"

"Nilikula, mama."

"Ulirudia?"

"Mara mbili."

"Halafu ukaniandikia sufuri." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa kipimo cha dawa. Nilitamani anitukane.

Nilimwendea Mzee Kajiru nikamwomba kikao kinikubalie nieleze kwa mdomo. Akatikisa kichwa. "Binti, ukieleza wewe, kesho atakuja mwingine aeleze na wake. Kisichoandikwa hakisomwi. Hiyo kanuni hata mimi siipendi, lakini ndiyo inayotufanya tusipigane."

Kwanza nilijaribu kukwepa. Nilinakili faili na programu kwenye diski laini, ile ya plastiki ya mraba, nikashuka nayo Same mjini nikitafuta kompyuta yenye tundu lake, ili niiendeshe programu kwenye mashine yenye nguvu. Nilizunguka stendi yote mpaka sokoni. Fundi mmoja wa simu akaipokea, akaigeuza, akaipuliza.

"Dada, hii laini inaingia wapi?"

"Haiingii laini. Ni diski."

"Aisee. Inabeba giga ngapi?"

Nilipomwambia inabeba megabaiti moja na kitu, aliwaita wenzake waje waione. Nilirudi mlimani na diski yangu na aibu yangu. Basi likawa jambo la kugusa mipangilio, au kufuta.

Ninyi mnaopenda kusoma, nawaonya juu ya nilichofanya Jumatano ya wiki ya mwisho. Nilikuwa nimesoma kila kitu kilichowahi kuandikwa na wanadamu kuhusu memori ya DOS. Kurasa za zamani zimejaa mtandaoni, na kila mmoja ana dawa yake. Nilikusanya dawa saba. Nikafungua faili liitwalo CONFIG.SYS, ambalo mashine hulisoma kabla ya jambo lolote, nikaandika mistari yote saba kwa mpigo, kwa sababu niliona nikiandika mmoja mmoja nitapata nafasi ya kuogopa. Nikawasha upya.

Kioo kikabaki cheusi. Nukta moja nyeupe kwenye kona, haipepesi. Nikahesabu mpaka mia. Nikahesabu tena. Nikatoka nje.

Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni kwake. Nadhani alizijua hatua zangu.

"Umeiua?"

"Nadhani nimeiua, Mwalimu."

"Ulibadilisha mistari mingapi?"

"Saba."

"Upi umeiua?"

"Sijui."

"Ndiyo hivyo. Ungebadilisha mmoja, ungejua." Akanyoosha mkono nimwinue. "Twende. Haijafa. Imenuna."

Tukaingia, mkono wake begani kwangu. Aliniambia nizime, niwashe, na neno la kwanza la DOS likitokea nibonyeze F5. Ukibonyeza F5 pale mwanzoni, mashine inaamka bila kusoma mipangilio yako, nzuri wala mbaya. Nikabonyeza. Ikaamka kama vile hakuna kilichotokea. Nilikaa chini sakafuni. Yeye, aliyekuwa haoni, akauliza, "Umekaa?" Nikasema ndiyo. "Ukimaliza kukaa, tuanze."

Yaliyofuata ndiyo elimu yangu yote, na nawapa bure. Kabla ya kugusa, nakili CONFIG.SYS na mwenzake AUTOEXEC.BAT kwa jina jingine. Tengeneza diski ya kuamshia mashine na uijaribu, usiamini tu kwamba umeitengeneza. Badilisha kitu kimoja. Washa upya. Andika MEM, mashine ikuambie meza ina nafasi kiasi gani, uandike namba kwenye daftari kwa kalamu. Halafu ndipo uguse kingine. Na usiufute mstari wa mtu, uwekee neno REM mbele yake. Mashine itauruka, lakini mstari utabaki pale, na kesho ukigundua ulikosea unaondoa REM tu.

Tulianza na nafasi ya kilobaiti 505. Mstari wa HIMEM na wa DOS=HIGH huenda pamoja, hao ndio pekee unaoruhusiwa kuwashughulikia kama mapacha. Wao huihamisha DOS yenyewe kutoka mezani kwenda stoo. Tukapata 551. Mstari mmoja kati ya dawa zangu saba, ule wa EMM386, ndio uliokuwa mwuaji. Ungefungua rafu za juu ukutani ambapo viprogramu vidogo vingepandishwa, lakini uligombana na kadi fulani ya zamani iliyomo ndani ya mashine. Tukaachana nao.

Kile kitundu cha CD kilikuwa kimekufa kabla sijaajiriwa, lakini kiprogramu chake kilikuwa bado kinakula meza kila siku. REM. 594. Kisha kipanya. Programu ya MAJI haitumii kipanya, na nikajiuliza kwa nini kipo. REM. 611. Nikaandika MAJI.

NAFASI HAITOSHI. PUNGUFU: 6. PUMZIKA.

Alhamisi asubuhi Mzee Kajiru akaniita kwa sauti ya msiba. "Kipanya hakitembei." Hapo ndipo nilipojua kipanya kilikuwepo kwa ajili ya mchezo wa karata wa mwenyekiti.

"Kimepumzishwa, mzee. Kwa ajili ya maji."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakaribia kushinda."

Kilobaiti sita. Nilitafuta kila kona. Nikapunguza hiki, nikafinya kile, namba haikusogea. Nikaandika MEM tena, nikaisoma orodha ya waliokaa mezani kuanzia juu kwenda chini, polepole, mara ya kumi. Alibaki mgeni mmoja tu. Jina lake KENGELE. Kilobaiti tisa.

Nilijua tangu Jumatano kwamba ipo pale. Nilikuwa nikiiruka kwa macho. Ningeweza kuiondoa, kisha nikiifunga orodha niirudishe, mtasema. Ndiyo, lakini orodha ile huwa wazi msimu mzima, kutwa nzima, kwa sababu kila siku kuna aliyebadilishana zamu na jirani. Kuiondoa ilikuwa kuiondoa. Na mzee aliyekuwa ameishika mkono mashine isife alikuwa anahesabu saa zake kwa mlio ule.

Ijumaa nilimwendea. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilizunguka banda la ng'ombe, nikasifia ng'ombe, nikasifia majani.

"Sema," akasema.

"Mwalimu, tumepungukiwa kilobaiti sita."

"Umetoa kipanya?"

"Nimetoa."

"CD?"

"Nimetoa."

Panga likasimama hewani. Nje, kwa bahati mbaya kabisa, ikafika saa kumi, na kupitia ukuta kengele ikalia, ikapanda, ikashuka.

"Inakula ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Nilikuwa nadhani sita. Niliiandika vibaya." Akaendelea kukata. "Unaniuliza ruhusa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sikupi. Na sikukatalii. Nikikupa, kesho ikiharibika utasema Mwalimu aliruhusu. Nikikukatalia, utasema Mwalimu alikataa. Wewe umeandika maelezo misimu miwili ili kikao kiamue, mimi niamue, mwenyekiti aamue. Kiti kile mimi nilishatoka. Amekaa nani?"

Nilirudi nyumbani nikawaza pande zote, kama kawaida yangu. Asubuhi nilikuwa bado nawaza.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuanzia saa tatu. Mlango wa chumba cha kompyuta unaofungukia ukumbini uliachwa wazi, na waliokosa nafasi walisimama hapo mlangoni na dirishani. Mama Nakunda alikaa kwenye benchi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu aliletwa akaketishwa kiti cha mbele. Mzee Kajiru akaja akasimama nyuma yangu, nikausikia ukosi wa koti lake ukinigusa.

"Mashine ni nzima?"

"Ni nzima, mzee."

"Inafunguka?"

"Bado sita."

"Binti, watu wamekuja. Andika PUNGUZA, tuendelee."

Mtu mmoja dirishani akasema, "Piga kura tu, tukapate uji." Mwingine akamjibu, "Wewe lazima utake kura, jembe lako bado lina bei ya dukani." Wakacheka. Mimi niliweka vidole kwenye herufi. Niliandika P. Nikaiangalia ile P peke yake kwenye kioo cheusi, na nikaona kwamba kwa wiki tatu nilikuwa sisubiri jibu, nilikuwa nasubiri mtu wa kulaumiwa. Nikaifuta.

Nikafungua AUTOEXEC.BAT. Nikashuka mpaka mstari wa chini. Mbele ya neno KENGELE nikaandika REM, nikahifadhi, nikawasha upya bila kumwangalia mtu.

"Umefanya nini?" aliuliza Mzee Kajiru.

"Nimeamua, mzee."

Mashine ikahesabu memori yake taratibu kama kawaida. Nikaandika MEM. 620. Nikaandika MAJI.

Kioo kikawa cheupe kwa majina.

Sikushangilia, kwa sababu nilikuwa na kazi. Niligeuza kiti nikawaelekea watu, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Faili lilijazwa na mimi. Maelezo yote haya nimeyaandika mimi, nikiogopa kuamua. Na kaya moja ina sufuri nne ambazo sikupaswa kuziandika hivyo. Naomba niyasome." Nikasoma yote manne, tarehe, saa, nani alibeba sufuria, nani walikula. Kadiri majina ya walaji yalivyosomwa, vichwa viliinama kimoja kimoja. La Mzee Kajiru lilikuwemo mara tatu.

"Walikula?" akauliza Mwalimu kutoka kiti cha mbele, kama hajasikia.

"Tulikula," akasema mwenyekiti.

"Na kesho yake mliendelea na kazi zenu za shamba kwa nguvu za nani?"

Mzee Kajiru akauliza kikao kama kuna mwenye neno la kupinga. Hakukuwa na mwenye neno. Mama Nakunda peke yake alisema, polepole, "Binti huyu alirudia mara mbili, hilo mbona halikuandikwa?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na mimi nikacheka, na nadhani ndipo nilipoanza kupumua.

Saa nne ilifika katikati ya kicheko hicho. Nilijua, kwa sababu nilimwona Mwalimu akiinua kichwa kidogo kuelekea ukuta, akasubiri, kisha akakishusha. Baadaye alinunuliwa redio na wanawe, inayotaja saa kwa sauti ya mwanamke, na analalamika kwamba mwanamke yule hajui hisabati. Mstari wa kengele bado upo mahali pake, nyuma ya REM. Mkija kupata mashine yenye meza kubwa, mnajua la kufanya.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijamaliza. Nikaigeukia mashine, nikaenda kwenye jina la Mama Nakunda, nikaifuta sufuri ya kwanza nikaandika moja. Ya pili, moja. Ya tatu. Ya nne. Programu ikampandisha toka mkiani, jina kwa jina, mpaka mahali pake pa zamani, wa saba kutoka juu, zamu ya Jumanne asubuhi. Mshale ukaruka wenyewe kwenye safu ya maelezo, ukapepesa, ukinisubiri nieleze.

Nikaiacha tupu, nikabonyeza Enter.